Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utalii wa kaskazini: tuzo ijayo ipande hadi Barafu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kamishna wa Uhifadhi wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA),
Mkuu wa Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro,
Bodi ya Utalii Tanzania,
na viongozi wa vyama vya mawakala wa utalii, Arusha na Moshi.

Waheshimiwa, salamu kutoka Moshi.

Kwanza hongereni. Naitoa bila kejeli, maana barua za wazi zina tabia ya kufungua kwa hongera ya mdomoni kisha zikageuka hati ya mashtaka. Mimi ni mwongozaji wa watalii Mlima Kilimanjaro. Nilianza kazi hii nikiwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni kichwani na mgongoni, kwa hiyo najua utalii ukianguka unavyouma. Mwaka 2020 nchi yetu ilipokea watalii 620,867 kutoka nje, ilhali mwaka uliotangulia walizidi milioni moja na nusu. Kwa wengi hizo zilikuwa tarakimu za taarifa ya habari. Kwetu zilikuwa geti la Machame lisilo na gari hata moja asubuhi, wapishi waliorudi shambani kukata ndizi, na wenzetu waliouza majaketi na mabuti ya mlimani kwa bei ya mtumba ili watoto wale. Mwaka 2024 watalii walifika 2,141,895. Mapato ya mwaka huo yalikaribia dola bilioni 4. Mtu hapandi kutoka shimo lile hadi hapo kwa bahati. Anga lilifunguliwa mapema wakati wengine bado wamejifungia, Rais mwenyewe akasimama mbele ya kamera kuitangaza nchi, ndege zikarudi uwanja wetu wa Kilimanjaro (KIA), na sisi tukarudi kazini. Asanteni.

Hongereni pia kwa tuzo. Kuanzia 2019 Serengeti imekuwa ikitajwa mwaka baada ya mwaka kuwa hifadhi inayoongoza Afrika katika tuzo za World Travel Awards, na mlima wetu umepata heshima yake humo humo zaidi ya mara moja. Mwaka 2025 sherehe ya kanda ya Afrika ikafanyika Dar es Salaam, wageni wakaja kupokea zawadi nyumbani kwetu. Mkituomba kura kila mwaka, tunapiga. Nimepiga mimi, wamepiga wagumu wangu, wengine wakiwa wamesimama kwenye jiwe moja pale kambi ya Shira linaloshika mtandao. Chanda chema huvikwa pete, na sina ugomvi na pete.

Ugomvi wangu, kama ni ugomvi, ni kuhusu chanda. Tunaposherehekea ubora wa utalii wa kaskazini tunasherehekea mlima, nyumbu, kreta, hoteli, na idadi ya vichwa vilivyopita getini. Mlima haukufanya kazi yoyote kupata tuzo, umekaa hapo. Ubora anaoondoka nao mgeni, ule anaowasimulia ndugu zake mpaka nao wanakata tiketi, unatengenezwa na watu. Ombi langu ni hili tu: tuzo na sherehe za ubora ziwafikie wanaoutengeneza, na ubora wenyewe upimwe pale unapotengenezwa, huko juu, badala ya kwenye ukumbi wenye viyoyozi.

Niruhusuni niwapeleke Barafu. Wengi wenu mmefika, lakini kiongozi akipanda hupandishwa na msafara, na msafara una namna ya kuficha mambo. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Ndipo mgeni wa njia ya Machame au ya Lemosho anapolala saa chache kabla ya kuamshwa usiku kwenda kileleni. Pale hakuna maji. Hakuna mto, hakuna kisima, hakuna bomba. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga. Kwa hiyo kila kikombe cha chai anachonyweshwa mgeni Barafu, kila bakuli la supu, kila beseni la maji ya moto la kunawia, na kila chupa anayobeba kwenda nayo kilele cha Uhuru, imepandishwa na binadamu. Mgumu anafika Karanga na mzigo wake, anajaza madumu, anaongeza juu ya mzigo, anapanda. Kundi likiwa kubwa, au likikaa kambini zaidi ya usiku mmoja, anashuka tena hadi Karanga na kupanda tena, kwenye hewa ambayo mgeni mwenye fiziki ya mwanariadha anahema kwa kufunga kamba za viatu tu. Mgeni akifika anakuta maji. Huwa haulizi yametoka wapi, na si kosa lake. Huduma nzuri ndivyo ilivyo, mtu haioni.

Jikoni nako kuna mambo. Mpishi wa mlimani anafanya kazi ndani ya hema lisilomtosha kusimama wima, jiko la gesi moja au mawili, upepo unapiga turubai, na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha kwa sababu ya mwinuko, wali unachukua muda mara mbili. Huyu bwana anajua nani hali nyama, nani ngano inamdhuru, nani tumbo limemkataa tangu jana. Mgeni akiwa na siku ya kuzaliwa, keki inatoka. Keki hasa, imeumuka, imeandikwa jina, imeokwa kwa sufuria mbili na changarawe, zaidi ya mita 4,000 juu. Nimeona watu wazima wakilia mbele ya keki ile. Kama hoteli yoyote ya nyota tano mjini ingepewa jiko lile na hewa ile ikatoa keki ile, ingetangazwa redioni kwa wiki nzima. Aliyeioka analipwa kwa siku, na tripu ikiisha hujui kama utamwona tena msimu ujao au ameshapata kibarua cha ujenzi.

Halafu kuna ubora usio na picha. Mwongozaji msaidizi anayetembea nyuma kabisa ya kundi usiku wa kilele, akiangalia miguu ya wageni. Anajua uchovu unavyotembea na anajua ubongo uliovimba unavyotembea, na tofauti ya viwili hivyo ni uhai wa mtu. Anasikiliza kifua kama kuna maji kwenye mapafu. Anamwambia tajiri aliyelipia maelfu ya dola, mita mia mbili chini ya Stella Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, kwamba safari yake imeishia hapa, tunashuka sasa hivi. Kusema hivyo kunahitaji ujuzi na kunahitaji moyo, kwa sababu anajua tipu yake huenda ikashuka pamoja na mgeni. Wengi wamejilipia wenyewe mafunzo ya huduma ya kwanza ya nyikani. Wengi wamejifunza Kijerumani, Kifaransa au Kihispania usiku, kwa simu, baada ya tripu. Hakuna mahali popote katika takwimu za ukuaji ambapo jambo hili linahesabiwa.

Kutohesabiwa huku kuna historia ndefu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na vitabu vyote vinawataja wawili hao. Mtu wa Pangani aliyeitwa Muini Amani alibaki peke yake kwenye kambi ya juu, kwenye baridi ile, kuwatunzia hema na kuwasubiri, bila vifaa walivyokuwa navyo wao. Nani anamtaja? Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa na wenyeji kama kiongozi wa msafara ule, alikuja kuenziwa kitaifa mwaka 1989, karne moja baadaye. Wanahistoria wanaweza kubishana kuhusu nani hasa alikuwapo na alifika wapi, na ubishi wenyewe unatokana na kwamba hakuna aliyeona umuhimu wa kuandika majina ya waliobeba. Mgeni wa leo akishuka geti la Mweka anapewa cheti chenye jina lake na saa aliyofika. Ni jambo zuri, nami ninakisaini kwa furaha. Waliombebea kitanda, chakula na (mtanisamehe) choo, hawamo.

Ndiyo, choo. Kampuni za hadhi sasa zinabeba choo cha hema kwa ajili ya wageni, na kuna mgumu ambaye hiyo ndiyo kazi yake kuanzia Machame hadi Mweka. Anakibeba kwa utulivu na usafi ambao mimi binafsi ningeupa nishani kabla ya mtu yeyote aliyewahi kupanda jukwaani kupokea kioo.

Sasa hesabu, maana tunaposema ukuaji tunasema fedha. Mgeni wa Machame wa siku saba, kwa viwango tulivyovizoea, analipa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, na uokoaji dola 20 kwa safari. Siku saba, usiku sita: dola 810 kabla ya VAT, na hapo bado kampuni haijanunua hata kiberiti. Silalamikii ada. Ada hiyo inalipa askari wa hifadhi na inasaidia hifadhi nyingine ambazo peke yake zisingejiendesha. Kilimanjaro na Serengeti zimebeba ndugu zao kwa miaka mingi. Ninaloweka mezani ni upande wa pili. Kiwango cha chini ambacho kwa miaka kimetajwa mlimani kuwa malipo ya haki ya mgumu ni shilingi 20,000 kwa siku. Siku zile zile saba zinampa shilingi 140,000. Wapo wanaolipa hivyo na zaidi. Wapo wanaolipa nusu, wanalipa baada ya mwezi, au wanamwambia kijana malipo yako ni tipu, ukipata umepata.

Kampuni zinazolipa vizuri nazijua, na nyinyi mnazijua. Zinawapa wagumu hema lao la kulala. Nyingine bado zinawalaza kwenye hema la kulia la wageni, maana yake kijana aliyepanda tangu asubuhi anakaa nje kwenye baridi mpaka mgeni wa mwisho amalize kahawa na hadithi zake ndipo apate pa kujinyoosha. Zile nzuri zinawapa milo mitatu. Zinapima mizigo kwa uaminifu. Na kwa sababu hiyo bei yao iko juu, na wakala wa mjini Berlin au Toronto anayetafuta bei ya chini anawapita, anakwenda kwa yule aliyepunguza dola mia tatu. Zile mia tatu hazikutoka kwenye ada, kwa sababu ada haipungui. Hazikutoka kwenye gesi wala petroli. Mkitaka kujua zimetoka wapi, muulizeni mgumu alibeba nini na alikula nini.

Kikomo cha mzigo ni kilo 20. Kipo kwenye kanuni, mizani iko getini, askari yupo. Tunakiheshimu kikomo hicho, na hata hilo ni la kujivunia. Lakini nyote mliowahi kufanya kazi getini mnaujua mchezo wa baada ya geti. Wagumu wanapimwa ishirini, wanaingia ishirini, na kabla ya jioni ya kwanza baadhi wanarudishwa chini. Mizigo yao inabaki. Waliobaki wanaigawana, na mzani wa getini haupo tena wa kusema kitu. Kijana akikataa, tripu ijayo hataitwa. Nilibeba mizigo ya namna hiyo siku za ujana wangu, chini ya kampuni ambayo siitaji na ambayo nadhani haipo tena, na hakuna aliyenilazimisha kwa fimbo. Njaa ilitosha.

Kwa hiyo nikisikia kwamba mwaka ujao kutakuwa na tuzo ya mtoa huduma bora wa safari za mlima, swali langu ni nani anapima, na anapimia wapi. Kura ya mtandaoni hupima umaarufu. Maoni ya mgeni hupima tabasamu, chakula na kilele, yaani hupima kazi ya watu wale wale bila kuuliza walifanyiwaje. Kampuni inayomlipa mgumu nusu inaweza kushinda kwa urahisi kabisa, kwa sababu mgumu huyo huyo, kwa heshima yake, hatamwonyesha mgeni uso wa njaa. Atamwimbia.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya wala mkopo wa benki. Wekeni mizani kambini. Shira moja, Barranco moja, Karanga moja, na kwa upande wa Marangu, Horombo. Mizani ile ile ya kuning'iniza, na askari yule yule ambaye tayari anasajili majina kwenye kitabu cha kambi. Apime bila taarifa, siku yoyote, na aandike. Mwisho wa msimu, majina ya kampuni ambazo mizigo yake ilikuwa sawa getini na sawa Barranco yatangazwe hadharani, yabandikwe KIA pale ambapo mgeni anasubiri begi lake. Hiyo ndiyo tuzo ambayo wakala wa Berlin ataisoma, na ambayo kampuni nzuri itaiweka kwenye tovuti yake kwa kiburi halali. Zile ambazo hazikufuzu hakuna haja ya kuzitukana. Ukimya utatosha, na anayetoa leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008 anajua la kufanya nazo leseni zinapokuja kuhuishwa.

La pili ni malipo. Kila mgumu anaandikwa getini, jina na kampuni, kwa sababu kampuni inalipia kiingilio chake. Daftari tayari mnalo. Iongezwe safu moja: analipwa kiasi gani, kwa namba gani ya simu. Malipo yapite kwenye simu au benki ndani ya siku mbili baada ya kushuka, na risiti ionekane kabla kampuni haijaingiza kundi lingine. Najua kuna watakaosema serikali isiingilie mkataba wa mtu binafsi na kibarua wake. Lakini geti ni lenu, mlima ni wa umma, na mgeni hawezi kuvuka lile geti bila kibali chenu. Mliweza kudhibiti uzito kwa kutumia geti hilo hilo. Vyama vya wagumu na waongozaji vimelisema hili kwa miaka, kwa lugha ya adabu kuliko yangu, kwenye vikao ambavyo chai yake ilikuwa nzuri.

Kuhusu tipu sitasema sana. Mgeni atangaziwe mbele ya wote, aweke mbele ya wote, kila mtu ajue fungu lake. Kampuni nzuri zinafanya hivyo na hazijafilisika. Waongozaji wenzangu wengine watanuna kwa sentensi hii. Wanune.

Mtasema pia kwamba mlima umeboreshwa, na ni kweli. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifika Horombo, mita 3,720, habari ikazunguka dunia. Nilifurahi, simu inayopatikana inaweza kuokoa mgonjwa. Ila siku ile nilifikiria vile vile wagumu wa Horombo wangechagua nini kama wangeulizwa mapema, na nadhani wangechagua banda la kupikia lisilopitisha upepo. Kuuliza ni bure. Kampeni za kuboresha kambi zinapoanza, wanaoulizwa ni wageni kwa fomu na kampuni kwa barua pepe. Anayelala kambini siku mia na zaidi kwa mwaka haulizwi.

Kuna ukuaji mwingine ambao haujapigiwa makofi ya kutosha: wanawake. Zamani mwanamke akionekana na mzigo njia ya Machame watu waligeuka kumwangalia. Leo wapo wagumu wanawake, wapo wapishi, wapo waongozaji wenye leseni wanaopeleka makundi kileleni, na wageni wengine sasa wanaomba hasa kundi liongozwe na mwanamke. Walipenya wenyewe, kwa mabega yao, wakivumilia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya kiofisi. Kinachowatoa kazini si mzigo. Ni kulala hema moja na wanaume kumi kwa sababu kampuni haikupanga la pili, na choo cha kambi kisicho na komeo. Komeo, waheshimiwa. Kipande cha chuma cha kununua Soko la Mbuyuni. Kama kuna tuzo ya kampuni inayojali jinsia mwakani, nashauri jopo la waamuzi lianze kwa kukagua komeo.

Tena mlima unapopata shida, hawa ndio mnaowaita. Oktoba 2020 moto ulipolala juu ya mlima kwa siku nyingi, waliopanda na majembe, mapanga na matawi kusaidia askari wenu walikuwa wanakijiji, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, na watu wa kazi zetu, katika mwaka ule ule ambao hawakuwa wamepata tripu. Hakuna aliyeuliza posho kwanza. Chuo kile kimefundisha wahifadhi wa Afrika tangu 1963, kiko hatua chache kutoka geti tunaloshukia, na bado mgumu anapita nje ya ukuta wake maisha yake yote bila siku moja kualikwa ndani kwa kozi ya wiki mbili wakati wa mvua za masika, ambapo yeye hana kazi na madarasa huenda yana nafasi. Mafunzo ya huduma ya kwanza, ya mimea, ya kuongea na mgeni. Hapo mngezalisha waongozaji wa miaka ishirini ijayo kwa gharama ya chaki.

AFCON 2027 inakuja, nasi, Kenya na Uganda ni wenyeji. Arusha itajaa. Shabiki atakayeona mechi atataka kuuona mlima, na baadhi watataka kuupanda wakiwa hawajafanya hata mazoezi ya ngazi. Kampuni za msimu zitachipuka kama uyoga, zitahitaji wagumu kwa haraka, na zitachukua vijana wa mjini ambao hawajawahi kulala kwenye baridi, wakiwa na raba na sweta moja. Wapo wagumu waliokufa kwa baridi kwenye mlima huu katika misimu ya kawaida. Ukaguzi wa nguo za wagumu getini, viatu, jaketi, mfuko wa kulalia, upo kwa maneno. Uwe wa vitendo kabla ya michuano. Mgumu asiye na jaketi asivuke, na kampuni iliyomleta ndiyo itafute jaketi, siku hiyo hiyo, wakati mgeni wake anasubiri kwenye benchi na kuuliza kwa nini tunachelewa. Nawahakikishia jaketi litapatikana ndani ya nusu saa.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyolelewa. Basi Siku ya Utalii Duniani, 27 Septemba, ikija, badala ya kutuletea maandamano na fulana, fanyeni sherehe moja pale geti la Mweka, saa nane mchana, wakati makundi yanashuka. Msichague washindi mapema. Simamisheni meza, chukueni kitabu cha kambi na daftari la mizani, muwaite kwa majina: mgumu aliyepanda misimu mingi zaidi bila mzigo wake kuzidi, mpishi ambaye wageni wake hawakuugua tumbo, mwongozaji aliyeshusha wagonjwa wengi wakiwa hai, kampuni iliyolipa kwa wakati kila tripu. Wapeni vyeti vyenye majina yao kamili, vilivyosainiwa na Kamishna, kwa karatasi nzuri kama ile ya mgeni. Na mkiweza, wekeni na bima ya afya ya mwaka mmoja ndani ya bahasha, kwa sababu cheti hakitibu goti.

Mimi na wenzangu tuko tayari kukaa nanyi kikao siku yoyote ya Aprili au Mei. Mvua ikinyesha huwa tuko nyumbani. Kikao kifanyike Moshi, kisiwe Dodoma, nauli tutajilipia wenyewe, na tutakuja na mzani.

Wenu katika kazi,
Mwongozaji wa watalii, Mlima Kilimanjaro
Moshi